Punda wa Balaamu na Taa ya Njano



Vijana wameuliza swali ambalo wazee wengi wanalicheka: je, ni kweli kwamba huko Marekani kuna motokari inayojiendesha yenyewe, bila shofere? Na kama ni kweli, inatuhusu nini sisi ambao barabara yetu ya Baraka kwenda Fizi mpaka Misisi, wakati wa mvua, inashinda hata Land Cruiser? Swali ni zuri, halistahili kuchekwa. Mwezi huu tulijibu pamoja, na mtaona kwamba jambo hili linatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Zamani motokari ilikuwa chuma, mafuta na moto, basi. Fundi aliijua kwa sikio, kwa pua na kwa kidole. Ikikohoa, alifungua kabureta na kuisafisha. Ikikataa kuwaka, alitoa plagi na kuipiga brashi. Gari la namna ile halikuficha kitu, na fundi wa kijiji aliweza kulitengeneza chini ya mwembe.

Mabadiliko yalianza polepole. Mwaka wa 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa chombo cha umeme cha kupima esanse inayoingia katika motere, nacho kikawekwa katika magari ya Volkswagen. Mwaka wa 1978 Bosch na Mercedes-Benz wakatoa freni zinazolindwa na kompyuta, zile zinazoitwa ABS. Tangu magari ya mwaka wa 1996, Marekani ilidai kila gari dogo linalouzwa kule liwe na tundu chini ya usukani, ambamo fundi anachomeka chombo chake na kusoma ugonjwa wa motere. Leo gari moja linaweza kuwa na kompyuta ndogo nyingi sana, moja ya motere, moja ya freni, moja ya mifuko ya hewa, nyingine ya milango, na zote zinaongea kwa waya.

Usiogope neno kompyuta. Fikiri juu ya kijiji chenye utaratibu. Kuna walinzi, kuna mzee wa kijiji, na kuna watumishi. Walinzi ni sensa, vipimo vidogo vinavyokaa kila mahali: mmoja anapima joto la maji, mwingine anapima hewa inayoingia, mwingine anakaa katika ekzosi na kunusa moshi. Wote wanapeleka habari kwa mzee, ndiye kompyuta, ambaye mafundi wetu wanamwita kalkilatere. Mzee anapiga hesabu haraka sana, kisha anawaagiza watumishi: wewe punguza esanse, wewe choma moto mapema kidogo, wewe washa feni. Hayo yote yanafanyika mara nyingi kwa sekunde moja, wakati papa shofere anaimba wimbo wake.

Ndiyo maana magari mengi yanayofika kwetu leo, hata yale ya zamani kidogo yanayotoka Japani au Dubai na kupitia bandari ya Dar es Salaam, yana akili hii ndani yake. Hatukuiomba, lakini imekuja. Tusipoielewa, tutaiumiza, nayo itatuumiza.

Sasa fungua Biblia yako, kitabu cha Hesabu sura ya 22. Unajua habari ya Balaamu. Alikuwa juu ya punda wake, akiwa na haraka, na mbele yake kulikuwa na malaika mwenye upanga. Mwenye kupanda hakuona kitu. Punda ndiye aliona. Mara ya kwanza akatoka barabarani, akapigwa. Mara ya pili akajibana ukutani, mguu wa Balaamu ukaumia, akapigwa. Mara ya tatu akalala chini kabisa, akapigwa tena kwa fimbo. Mwisho Mungu akamfungua kinywa, na ikaonekana kwamba yule aliyepigwa ndiye aliyeokoa maisha ya yule aliyepiga.

Ndugu msomaji, taa zinazowaka kwenye tablo ya gari ni kinywa cha punda. Kila taa ina ujumbe wake. Taa nyekundu yenye picha ya birika la mafuta maana yake ni simama sasa hivi, zima motere, kwa sababu oli haina nguvu ya kuzunguka, na ukiendelea dakika chache tu motere inaweza kufa. Taa nyekundu ya joto ni vilevile: simama, ngoja ipoe, usifungue kifuniko cha redieta kwa haraka, mvuke utakuchoma uso. Taa ya njano yenye picha ya motere inasema kuna kitu hakiendi sawasawa, peleka kwa fundi kabla hakijawa kikubwa. Ile njano ikianza kupepesa, punguza mwendo, maana esanse isiyochomwa inatoka na kuharibu ekzosi. Taa ya ABS ikibaki inawaka, freni za kawaida bado zipo, lakini ule msaada wa kompyuta haupo tena.

Na sisi tunafanyaje? Tunaonaga hata mashofere wenye uzoefu wakibandika kipande cha plasta nyeusi juu ya ile taa ili isiwasumbue usiku. Na iko wauzaji wanaotoa taa yenyewe, ili mnunuzi aone tablo safi na kulipa bei kamili. Huyo wa kwanza amempiga punda. Huyo wa pili amemkata ulimi, kisha amemuuza kwa jirani yake. Kwa hiyo ukienda kununua gari, washa ufunguo kwanza bila kuwasha motere, utazame: taa zote za hatari zinapaswa kuwaka kidogo, halafu nyingi zinazima motere ikianza. Taa ambayo haiwaki kabisa wakati ule, uliza juu ya nini.

Lakini tusiende upande mwingine na kuiabudu akili hii. Ina mipaka, na mipaka yake inaonekana zaidi huku kwetu. Gari lilifundishwa mahali fulani. Angalia yale ya kutoka Japani: mengine ukiwasha, sauti ya mama inasema Kijapani ndani ya gari. Wengine wanacheka, wengine wanaogopa. Anasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara za huko Japani haijaingizwa. Atasema hivyo kila siku mpaka gari litakapokufa, hapa Baraka ambako hakuna kadi wala barabara ya kulipia. Na redio yake ya FM nyingi zinaanzia 76 na kuishia 90, ndiyo maana stesheni nyingi za huku haishiki. Mtume Paulo, katika Wakorintho wa kwanza sura ya 14, anafundisha kwamba lugha isiyo na mwenye kufasiri haimjengi msikilizaji. Hata katika gari ni hivyo.

Redio ni jambo dogo. Freni ni jambo kubwa. Ile ABS inazuia magurudumu yasikwame, ili gari lisiteleze na shofere aweze kukata kona huku anafunga freni. Juu ya lami yenye maji inaokoa watu kweli kweli. Lakini juu ya changarawe na mchanga, kama barabara yetu, gari lenye ABS linaweza kwenda mbele zaidi kabla ya kusimama, kuliko gari ambalo magurudumu yake yanakwama na kujichimbia katika udongo. Kwa hiyo wewe shofere wa Baraka usiseme, nina gari la kisasa, naweza kumkaribia mwenye piki-piki. Acha nafasi kubwa. Na siku ya hatari, kanyaga freni kwa nguvu bila kuachia, usipampu kama zamani. Mguu utasikia kutetemeka, hiyo ni kompyuta inafanya kazi. Wewe shika usukani na ukwepe.

Hata ramani ya telefone ni vilevile. Inajua uko wapi kwa kusikiliza satelaiti za mbinguni, na hapo haikosei sana. Lakini mto ukibeba daraja usiku, satelaiti haitakuambia asubuhi. Mama anayeuza mihogo pale njiani ndiye atakuambia. Msimamie, msalimie, muulize.

Turudi kwa swali la vijana. Ndiyo, ni kweli, magari yasiyo na shofere yapo. Mwaka wa 2020 kampuni ya Waymo ilianza kubeba watu wa kawaida katika eneo la Phoenix, Marekani, kwa teksi ambazo kiti cha shofere hakina mtu. Zinaona kwa kamera, kwa rada na kwa miali ya mwanga inayozunguka, na zinafuata ramani iliyotengenezwa kwa uangalifu sana. Lakini jueni na habari ya pili. Mwezi wa tatu mwaka wa 2018, katika mji wa Tempe, jimbo lilelile la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara usiku, akisukuma kinga yake. Walinzi wa gari walimwona sekunde chache kabla. Lakini mzee, ile kompyuta, alishindwa kumtambua: mara akasema ni gari, mara ni kinga, mara ni kitu kisichojulikana. Na mtu aliyewekwa ndani ili achunge alikuwa anaangalia telefone.

Hapo mimi nawaomba mtafakari. Kompyuta ilikosea, lakini aliyewekwa kukesha hakukesha. Chombo kikiwa na akili nyingi, mtu anaanza kulala. Tunaona hata kwa mototaksi zetu: piki-piki ni mpya, freni ni nzuri, na mwenye kuiendesha ameshika telefone kwa mkono mmoja, nyuma kuna mama na watoto wawili.

Tena chombo hakina dhambi, lakini kinaweza kufundishwa dhambi. Mwaka wa 2015 iligunduliwa Marekani kwamba kampuni kubwa ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya mazutu programu ya udanganyifu. Programu ile ilijua wakati gari linapimwa moshi na wakaguzi. Ikiona iko kwenye kipimo, inasafisha moshi vizuri. Ikitoka barabarani, inaacha moshi mchafu utoke mara nyingi zaidi ya sheria. Kampuni ilikubali kwamba magari yapata milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Fikirini: watu wenye masomo makubwa walikaa mezani wakafundisha mashine unafiki, iwe safi mbele ya mkaguzi na chafu nyuma yake. Hatuwezi kuwacheka sana, sababu iko Wakristo wa namna hiyo pia. Siku ya ibada moshi hauonekani. Nenda uwaulize wake zao na watoto wao.

Sasa sikilizeni ninyi wa machimbo, maana hapa ndipo jambo linaingia nyumbani kwenu. Ile akili ya motokari haikutoka hewani. Imefungwa kwa madini, na madini yale yanatoka katika udongo wa inchi yetu. Koltani, kama ile ya Rubaya kule Masisi, inatoa tantali, ambayo inatengeneza vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya kompyuta. Kasiterite, kama ile ya Kalehe na Shabunda, inatoa bati, ambalo linayeyushwa kuunganisha waya na vifaa. Kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri za magari ya umeme, na Kongo ndiyo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Na dhahabu, kama ile ya Misisi, sehemu kubwa inaenda kwa mapambo na akiba za mabenki, lakini sehemu ndogo inakuwa waya mwembamba na viungo ndani ya vyombo vya elektroniki, sababu dhahabu haishiki kutu.

Mnakumbuka mwaka wa 2010. Mwezi wa saba, Marekani ilipitisha sheria inayodai makampuni yao yaseme kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani zetu, ili pesa zisilishe vita. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, Kinshasa ikafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Nia ya kuzuia vita ilikuwa njema. Lakini muulize mama yeyote wa machimbo, miezi ile sita ilikuwaje kwa sufuria na kwa pesa za masomo. Basi kijana asiseme tena kwamba habari za kompyuta na magari ya wazungu hazimhusu. Udongo ulio kwenye kucha zake uko ndani ya gari lile. Kinachokosekana ni jina lake.

Jina lake litaingiaje? Halitaingia kwa kuchimba tu. Tunaonaga kijana amepata dhahabu kidogo, kesho yake ananunua piki-piki, baada ya miezi michache piki-piki imevunjika na dhahabu imekwisha. Simhukumu, shimo ni gumu, na mtu aliyetoka ndani yake akiwa hai anataka kusikia upepo. Lakini nawapa shauri la baba. Sehemu ya dhahabu ile lipia ufundi.

Fundi wa leo anahitaji vitu viwili: mikono na kusoma. Kile chombo cha kuchomeka katika tundu la gari, cha namna ndogo si cha bei kubwa, na kinaongea na telefone. Kinatoa namba. Kwa mfano P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi vizuri. Fundi asiyejua ataondoa motere yote. Fundi anayejua atabadilisha plagi ya silinda ya kwanza na ya pili, aone kama ugonjwa unahama. Ukihama, ni plagi. Usipohama, anatafuta waya, au injekta. Namba inaonyesha mahali penye malalamiko. Kuijua sababu ni kazi ya akili ya mtu. Kwa hiyo hesabu za masomo, Kifaransa, na umeme wa darasani, vyote vina kazi. Wazazi, msimtoe mtoto shuleni kwa sababu shimo limetoa vizuri mwezi huu.

Wala msiseme ni mambo ya watu wengine. Roboti kubwa za alumini zilizosimamishwa katika njia panda za Kinshasa mwaka wa 2013 ili kuongoza magari, zikitumia nguvu ya jua, zilitengenezwa na Wakongomani, chini ya mama injinia Thérèse Izay Kirongozi. Jirani zetu wa Uganda, katika chuo kikuu cha Makerere, walitengeneza gari dogo la umeme, Kiira EV, likaendeshwa mwaka wa 2011, na mwaka wa 2016 wakaonyesha basi lenye kusaidiwa na jua, Kayoola. Hawa walianza kwa somo, kama wewe.

Kuna sheria moja ya zamani katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Mungu aliagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mkanda wa kiti, freni nzuri, taa inayoonya, hizi ni kuta za dari kwa wakati wetu. Huko Ulaya, tangu mwezi wa saba 2024, kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na chombo cha kufunga freni lenyewe likiona hatari mbele, na chombo cha kumkumbusha shofere mwendo uliokubaliwa. Huku hatuna vyombo hivyo. Lakini mwenye Fuso anaweza kukataa kupakia watu juu ya mifuko ya saruji. Shofere anaweza kukataa lutuku kabla ya safari. Mama anaweza kusema, papa, punguza mwendo, na papa asimkaripie. Hata kama gari halina kompyuta, mama huyo ni mlinzi, na inampasa shofere amsikie.

Ndugu zangu, motokari inaweza kuonya, kuhesabu na kusimama. Haiwezi kumhurumia yatima, na haiwezi kutubu. Kazi hizo Mungu amezibakiza kwetu. Tusimpige punda, na tusimwachie punda kazi ya nabii.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika safari zetu, ni nani anayeonya, na sisi tunamjibuje?

2. Je, katika maisha yetu kuna taa tuliyoibandika plasta? Ni taa gani?

3. Mtoto wetu gani anapenda waya na redio? Tutamsaidiaje ajifunze?

4. Mmoja akikuuzia kitu kibovu kilichofichwa, na wewe ukagundua, utamuuzia nani?

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi barabarani na nyumbani.

Mchungaji wenu